Si kila jiwe la Mwezi lililetwa na wanaanga

Wengi huamini kwamba jiwe lolote la Mwezi lililopo duniani lililetwa na wanaanga, na kwamba raia anayelimiliki ameliiba. Sivyo. Kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa na Apollo, safari za wanaanga wa Marekani Mwezini za 1969 hadi 1972, kwa sehemu kubwa ni mali ya serikali ya Marekani. Lakini Mwezi hugongwa na miamba ya angani, vipande vikaruka, na baadhi huanguka kwetu. Cha kwanza kutambuliwa, ALHA 81005, kiliokotwa Antaktika mwaka 1982 na kulinganishwa na mawe ya Apollo. Vingine vingi vimepatikana Sahara, na wakusanyaji huvinunua kihalali sheria za nchi husika zikifuatwa. Kwa wanasayansi ni hazina kweli: Apollo ilitua upande unaotutazama tu, ilhali vimondo hivi huweza kutoka popote, hata upande wa nyuma.