"Si TANESCO wameshawasha?" Dhana potofu kuhusu vibali vya wiring ya nyumba

Jumamosi nimeitwa Chanika, nyumba ya vyumba vitatu, mama mwenye nyumba analalamika akishika mlango wa friji miguu mitupu anapigwa shoti. Nikamuuliza mama, wiring alifanya nani na nani aliipitisha? Akanijibu bila wasiwasi kabisa, "Fundi, hii ilishapita, TANESCO wenyewe ndo waliwasha." Hilo jibu nalisikia kila wiki na limenichosha, kwahiyo leo naliandika lote.

Umeme kuwaka haimaanishi wiring imekaguliwa. Kazi ya TANESCO inaishia kwenye mita. Surveya akija anaangalia nguzo iko mbali kiasi gani, waya utapita wapi, umeomba singo fezi au fezi tatu, hakai kufungua soketi ya chumbani kwako. Usalama wa ndani unabebwa na saini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ile iliyopo kwenye mchoro wa wiring uliopeleka wakati wa kuomba umeme. Kwa saini ile anasema nimefika, nimepima, niko tayari kuulizwa. Sasa wengi mnafanyaje, fundi wa mtaani anamaliza kazi halafu anaenda kwa mtu mwenye mhuri anamlipa hela kidogo anagongewa, na huyo mwenye mhuri hata nyumba haijui iko wapi! Yaani kwenye nyumba yako hakuna binadamu hata mmoja aliyepima kitu.

Kwa yule mama nilifungua soketi ya friji nikakuta waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) umekatwa umekunjwa nyuma ya boksi, haujafungwa popote. Nikatoka nje kuangalia ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayozikwa ardhini, ni kipande cha nondo, nimekishika kwa mkono kikatoka kwenye mchanga kama mhogo, hakifiki hata futi moja. Na karatasi ina mhuri, safi kabisa.

Mtu atasema mbona vitu vyote vilikuwa vinawaka? Vitawaka tu ndugu yangu, taa inataka laivu (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudisha) basi, ethi isipokuwepo utaangalia tv miaka kumi wala hutajua. Siku laivu ikigusa bodi la friji ndo utajua, maana umeme hauna njia ya kwenda ardhini isipokuwa mwili wako. Na usiniambie breka itakata. Chukua hata rodi yenye ukinzani wa ohm 100, volti 230 gawa kwa 100 unapata ampea 2.3, breka ya ampea 20 haishtuki hata kidogo. Kinachomwokoa mtu hapo ni RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja, na RCD ndo kitu cha kwanza mafundi wa bei rahisi wanakiruka. Mkaguzi wa kweli anapima ethi, anapima kwa mega (kipimo cha kinga ya waya) kwa volti 500 aone kinga ya waya haipungui megaohm 1, anahakikisha suichi inakata laivu na sio nyutro (ikikata nyutro taa inazima lakini holda bado ina moto, unabadilisha balbu unarushwa kwenye ngazi).

Dhana zingine nazipitia haraka.

"Nyumba ni yangu, leseni ya nini." Nyumba yako sawa, ila kufunga umeme ni kazi ya leseni kwa Sheria ya Umeme ya 2008, haijalishi ni ikulu au chumba na sebule.

"Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha." Hapana, kile ni cha jengo, hakimpi fundi leseni.

"Fundi wangu ana uzoefu miaka 20." Vizuri sana, akachukue leseni, uzoefu huo huo utamsaidia. Na wewe muombe aioneshe, soma daraja na tarehe ya kuisha, maana kila daraja lina mipaka yake na wa kazi ndogo hutakiwi kumpa ghorofa.

"Naongeza kitu kimoja tu, sio wiring mpya." Hii ndo inaunguza nyumba. Hita ya bafuni ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, wewe unaidandia kwenye waya wa taa wa milimita mraba 1.5, breka ikianguka unaweka kubwa zaidi, waya unapikika juu ya jipsam huuoni. Hita inataka laini yake kutoka meni swichi, waya wa 4 au 6, na apime mtu mwenye leseni kama siku ya kwanza.

Kwa mama tulipiga rodi ya shaba ya mita 1.2, tukarudisha ethi kila soketi, tukafunga RCD. Nikawasha, ikakata. Nikawasha tena, ikakata. Akaniangalia kama nimemharibia nyumba. Nikachomoa friji, ikakaa. Kompresa ya friji ilikuwa inavuja umeme muda wote huo, na anasema wajukuu ndo wanaofungua lile friji kuchukua maji.