Je, wajua kwa nini wakulima wa Marekani humpandia ayala mboga majira ya baridi yakikaribia?

Kila Julai na Agosti, wenye mashamba huko Wisconsin na Michigan hutenga kipande cha ardhi, pengine nusu eka tu, wakapanda tanipu na rapa, ndugu wa kabeji na sukuma wiki. Hawavuni. Shamba ni la ayala mwenye mkia mweupe, na wengi hulipanda ili awe karibu msimu wa kuwinda ukifunguliwa.

Nilipolisikia hili mara ya kwanza nilidhani ni mbegu za kutupa. Nilikuwa nimeona jalidi ilivyoifanya chai ya Kericho: usiku mmoja wa anga jeupe, asubuhi majani ya kahawia, na wakulima wenyewe husema chai imeungua. Nikaamini kwamba jani lolote bichi likikutana na barafu limekufa. Nilikosea kwa sababu nilipima mimea yote kwa chai. Mchai wa kwetu huchipua mwaka mzima, kisha jalidi huushukia ghafla, baada ya mchana wa jua. Tanipu ya Wisconsin hupewa wiki kadhaa za kujiandaa, usiku mmoja ukiuzidi mwingine kwa ubaridi kidogo kidogo.

Katika wiki hizo mmea huvunja wanga wake kuwa sukari. Ili kuona faida yake, weka kwenye friza mfuko wa maji matupu na mfuko wa ubuyu uliokolea sukari. Kesho yake maji yatakuwa jiwe, lakini ubuyu utang'atika. Maji huganda chembe zake zikishikana kwa mpangilio; sukari hujipenyeza katikati, na sharti baridi izidi ndipo zishikane. Ndani ya jani ni vivyo hivyo, na zaidi ya hapo sukari husaidia kulinda utando wa seli maji yanapopungua. Viazi mviringo vilivyokaa sana kwenye friji vikawa na utamu hupitia badiliko kama hilo.

Ndiyo maana wawindaji husimulia kwamba ayala huipita tanipu Oktoba nzima, kisha jalidi ikishapiga huifyeka. Utamu unaweza kuwa sehemu ya sababu, ila nisingeupa sifa yote. Wiki hizohizo mbegu za mwaloni, anazozipenda mno, zinakwisha porini, na majani mengine yamekauka. Tena yapo mashamba ambako tanipu huliwa tangu Septemba, kabla ya jalidi yoyote.

Aliyechelewa kupanda huikimbilia rai, nafaka ya jamii ya ngano. Mbegu yake huota udongo ukiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na theluji ikiyeyuka mwezi Machi inakuwa miongoni mwa majani ya kwanza kurefuka, wakati ayala amekonda kuliko mwezi mwingine wowote.