Azula na kile alichokuwa akikitaka

Mashabiki wa Avatar: The Last Airbender, katuni iliyoonyeshwa na Nickelodeon kati ya 2005 na 2008, wakifika kwa Azula, binti wa mtawala wa Taifa la Moto, hawaelewani. Mimi nimeirudia mara nyingi, na naamini kilichomsukuma ni hofu.

Dhana: Alizaliwa na roho mbaya

Ukweli: Baba yake, Ozai, alipomchoma uso Zuko, kaka yake Azula, Azula alitabasamu, hilo halipingiki. Ila tazama alichojifunza siku ile: mtoto dhaifu huunguzwa, kisha hufukuzwa nchini. Mwanzoni mwa Kitabu cha Pili, yaani msimu wa pili, anafanya mazoezi ya kurusha radi, na bibi wawili wanaomfundisha wanamwambia amekaribia kabisa, ni unywele mmoja tu umetoka mahali pake. Anajibu kwamba kukaribia hakutoshi, anaanza upya. Ana miaka 14! Unywele ule ndio Azula mzima.

Dhana: Basi hana hatia

Ukweli: Anayo. Alimpiga Aang, shujaa wa hadithi, radi ya mgongoni.

Dhana: Alitaka kiti cha enzi

Ukweli: Ozai anapomwambia abaki nyumbani siku ya kimondo kinachowaongezea nguvu watumiaji wa moto, kinachomtoka mdomoni ni kilio kwamba asimtendee kama Zuko. Ndipo anapewa utawala wa Taifa la Moto, dakika ile ile baba akijipa cheo kikubwa zaidi, Mfalme Feniksi. Kiti amekipata, na baba anaondoka bila yeye.

Dhana: Wazimu ulimjia ghafla

Ukweli: Ulianzia kwenye gereza la Boiling Rock. Rafiki yake Mai alimwambia kwamba anampenda Zuko kuliko anavyomwogopa yeye, na Ty Lee, rafiki yake mwingine, akamwangusha. Azula alijua njia moja tu ya kumweka mtu karibu, kumtisha, na siku hiyo ikashindwa. Siku ya kutawazwa anamfukuza mtumishi kwa sababu ya kokwa moja ya cheri, halafu anazikata kwa mkasi nywele zile zile alizozitunza.

Dhana: Mama yake anamtokea kwenye kioo kumwambia anampenda

Ukweli: Ursa, mama huyo, hakuwemo chumbani. Maneno yale yametungwa na akili ya Azula mwenyewe. Hata aliposema ufukweni kwamba mama alimwona kama zimwi, alikiri kuwa liliuma. Sasa anayasikia maneno aliyoyangoja tangu utotoni, na hawezi kuyaamini. Anakirushia kioo brashi ya nywele, kinapasuka, naye anaanguka chini akilia.