Muziki wa Waarmenia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tumeusikia muziki wa Waarmenia, watu wa Armenia, nchi jirani na Uturuki, bila kujua kuwa ni wao. Ukiwa umeangalia filamu ya Gladiator ya mwaka 2000, ile sauti nzito, laini, inayotetemeka kama mtu anayezuia machozi, ni duduki, na mpulizaji ni Djivan Gasparyan, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 92. Tangu hapo kila filamu yenye jangwa, kaburi au mfalme wa kale hutafuta sauti ya namna hiyo. Ala imepata umaarufu, lakini wenyewe wamesahaulika, na mengi yanayosemwa juu yao hayana msingi. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara.

“Duduki ni ala ya msiba, na muziki wao wote ni kilio.”

Msibani hupulizwa, ni kweli. Lakini hupulizwa harusini pia, na kwenye karamu watu wakiwa wamekaa mezani mpaka usiku wa manane. Tuitazame kwa karibu. Bomba lake ni la mti wa aprikoti, na kwa kawaida lina urefu wa sentimita 28, 33 au 40. Mdomo wake ni tete pana lililobanwa likawa na ncha mbili bapa, na juu yake kuna kipete kidogo ambacho mpulizaji hukisogeza kurekebisha sauti. Noti zake si nyingi, zinapita oktavu moja kidogo tu. Utajiri wake uko kwenye midomo na vidole: tundu likizibwa nusu, noti inateleza.

Tena kwa desturi hapulizi mtu mmoja. Wa kwanza anabeba wimbo, wa pili anashika noti moja chini yake, iitwayo dam, bila kuikata. Huyu wa pili hujaza mashavu hewa, na wakati hewa hiyo inatoka kwenye tete, pua inavuta nyingine. Wapuliza nzumari wa pwani yetu wanaijua mbinu hii. Watu humsifu anayebeba wimbo, lakini mimi naona kazi ngumu ni ya huyu wa dam, maana akiyumba yeye, wimbo mzima unakosa pa kusimama.

Na anayetaka kusikia furaha ya Waarmenia aitafute kochari: watu wanasimama safu moja, mabega kwa mabega, wanakanyaga ardhi kwa pamoja huku zurna ikilia na ngoma ya dhol ikijibu. Zurna ni ndugu wa nzumari hasa, kali, ya uwanjani. UNESCO iliiweka kochari kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017, kama ilivyofanya kwa duduki na muziki wake kabla ya hapo.

“Ni muziki safi usioguswa na majirani.”

Hii husemwa kwa mapenzi, nayo inawapunja. Hata jina duduk lenyewe asili yake ni Kituruki. Kiarmenia kina jina lake, tsiranapogh, yaani baragumu la aprikoti. Waturuki wana mey, Waazabajani wana balaban, na zote ni watoto wa tumbo moja.

Mtazame Sayat-Nova, mshairi wa karne ya 18 na mpiga kamancha, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, mzaliwa wa Tiflis, ambaye leo ni Tbilisi. Waarmenia wanamheshimu kama sisi tunavyomheshimu Muyaka. Alitunga kwa Kiarmenia, kwa Kijojia na kwa Kiazabajani, na tungo zake zilizobaki kwa Kiazabajani ni nyingi kuliko za Kiarmenia. Hakuna aliyewahi kusema kwa sababu hiyo si wao.

Anayenigusa zaidi ni Komitas. Alizaliwa mwaka 1869 mjini Kütahya, ndani ya dola ya Osmani ya Waturuki, kwa jina la Soghomon Soghomonian. Nyumbani kwao walizungumza Kituruki. Akabaki yatima akiwa mdogo, na mwaka 1881 akapelekwa Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa la Waarmenia, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri. Alifika akiimba tenzi za Kiarmenia ambazo hakuelewa neno lake hata moja. Mtoto huyo aliyejifunza lugha ya kabila lake akiwa na miaka 12 ndiye aliyekuja kuokoa nyimbo za wakulima wake.

Hapo ndipo lilipo kosa jingine: watu humwita mtunzi wa nyimbo za kienyeji za Waarmenia. Alikuwa mtunzi, ndiyo, amesoma Berlin kuanzia 1896 hadi 1899, lakini nyimbo hizo hakuzitunga. Alizikusanya kwa maelfu, kijiji kwa kijiji, akiandika noti kwa mkono. Wimbo mmoja wa kulimia kutoka Vardablur, katika wilaya ya Lori, aliuandikia uchunguzi mzima: ni wapi mkulima anaimba, ni wapi anawaita ng'ombe, ni wapi sauti inapanda kwa sababu jembe limezama kwenye udongo mgumu. Kwake wimbo wa kazi haukutenganishika na kazi yenyewe, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusikia wanawake wakitwanga kwa zamu atalielewa mara moja. Alikusanya hata nyimbo za Wakurdi na kuzichapisha, kwa kuwa waliishi bega kwa bega na watu wake.

Tarehe 24 Aprili 1915, mauaji ya kimbari ya Waarmenia ndani ya dola hiyo ya Osmani yalipoanza, alikamatwa Istanbul pamoja na mamia ya wasomi Waarmenia, wakapelekwa bara. Wengi hawakurudi. Yeye alirudishwa, lakini akili yake haikurudi salama. Karibu miaka 20 ya mwisho aliiishi hospitalini, kwanza Istanbul kisha Ufaransa, hakutunga tena, akafariki mwaka 1935. Sehemu ya maandishi yake ilipotea. Vijiji vingi alikopita navyo havikuwa tena na Mwarmenia wa kuimba. Kwa hiyo Mwarmenia anayeimba Krunk, wimbo wa mtu aliye mbali na kwao akimwuliza korongo kama amebeba habari za nyumbani, anaimba kitu kilichonusurika.

“Ni mapokeo ya mdomo tu, hawakuwa na maandishi ya muziki.”

Walikuwa nayo kabla ya mataifa mengi. Tangu karne ya 9 hivi watawa wao waliweka alama ziitwazo khaz juu ya maneno ya tenzi. Baadaye ufunguo wa kuzisoma ukapotea, na Komitas mwenyewe alihangaika nazo miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Hampartsoum Limondjian, Mwarmenia wa Istanbul, akabuni alama mpya nyepesi. Hizo hazikuandika tenzi za kanisa peke yake. Sehemu kubwa ya muziki wa kasri la masultani wa Osmani imetufikia kwa sababu iliandikwa kwa alama za huyu Mwarmenia. Nadhani habari hii inastahili kujulikana zaidi kuliko filamu zote zenye duduki.

Wanaodhani tenzi hizo zilitungwa na wanaume pekee nao wasahihishwe: katika karne ya 8 kulikuwa na Sahakdukht na Khosrovidukht, miongoni mwa wanawake watunzi wa kale kabisa ambao majina yao yanajulikana popote duniani. Inasimuliwa kuwa Sahakdukht alifundisha muziki akiwa amekaa nyuma ya pazia.

“Muziki wa kweli uko Armenia. Wa ughaibuni wanaiga.”

Armenia ina watu wapatao milioni 3, na Waarmenia walio nje ni wengi kuliko hao. Charles Aznavour alizaliwa Paris kwa jina la Aznavourian, akaimba zaidi kwa Kifaransa, na tetemeko la Desemba 1988 lilipobomoa Spitak alikusanya waimbaji wenzake kurekodi wimbo wa kuichangia Armenia. System of a Down, wanne wenye asili ya Kiarmenia kutoka California, walipiga roki yao nzito bure uwanja wa Jamhuri mjini Yerevan tarehe 23 Aprili 2015, mkesha wa miaka mia ya mauaji. Mvua ilinyesha na watu hawakuondoka.

Lakini mfano ninaoupenda uko jirani kwetu. Mwaka 1924 Ras Tafari wa Ethiopia, aliyekuja kuwa Haile Selassie, alizuru Yerusalemu. Huko akawasikia vijana 40 wa Kiarmenia, yatima wa mauaji yale, wakipuliza tarumbeta. Akawachukua wote, pamoja na mwalimu wao Kevork Nalbandian, wakawa bendi ya serikali mjini Addis Ababa. Wahabeshi waliwaita Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Nalbandian ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia uliotumika tangu 1930 hadi katikati ya miaka ya 1970. Mpwa wake, Nerses Nalbandian, alifundisha na kupangia muziki bendi za Addis Ababa, na mkono wake unasikika katika ule muziki wa Kihabeshi wa miaka ya 1960 wenye matarumbeta ambao wapenzi wa jazi hadi leo wanausaka kwenye santuri. Ukiuweka, sikiliza namna matarumbeta yanavyoingia kwa pamoja nyuma ya mwimbaji, yanashika noti, hayamwachii.