Kuishi milele hapa hapa, au kufa ukiwa na uhakika wa Ahera

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya kozi ya utangulizi wa falsafa, nawapa wanafunzi wangu swali moja kabla hatujafungua kitabu chochote. Umeambiwa uchague kimoja. Ama utaishi hapa hapa duniani usife kamwe, ama utafariki kama watu wote, ila umekwisha kuonyeshwa ushahidi usio na shaka kwamba Ahera ipo. Mikono inanyooshwa upesi. Kipindi kikikaribia kwisha, wengi wamebadili jibu, na wengine wamelibadili mara mbili.

Tuanze na masharti, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wagiriki wa kale walikuwa na hekaya ya Tithonus, kijana aliyependwa na Eos, mungu wa kike wa alfajiri. Eos alimwombea kwa Zeus asife, akasahau kuomba asizeeke. Tithonus akanyauka mpaka akashindwa kuinua mkono, akafungiwa chumbani, ikabaki sauti inayoropoka bila kukoma. Ndiyo maana darasani huongeza kwamba hutazeeka wala hutaugua. Bila hivyo hakuna cha kuchagua.

Halafu, anapewa nani? Tuseme wanapewa watu wote. Dunia sasa ina watu zaidi ya bilioni 8, na kila mwaka wanazaliwa watoto wapatao milioni 130. Asipokufa mtu, uzazi ukaendelea hivyo hivyo, kwa miaka 60 hivi idadi inakuwa maradufu, na haiishii hapo. Siku moja ingebidi watu waache kuzaa. Arobaini ya msiba haiondoki peke yake. Inaondoka na arobaini ya mtoto mchanga. Mimi hiyo siitaki, na sijakutana na mwanafunzi aliyeitaka baada ya kupiga hesabu. Inabaki basi kwamba anayepewa ni wewe peke yako.

Hoja inayotajwa sana dhidi ya maisha ya namna hiyo ni ya mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, aliyoichapisha mwaka 1973. Alianza na mwanamke wa kwenye tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, Elina Makropulos, ambaye baba yake, tabibu wa mfalme, alimnywesha dawa ya kurefusha maisha. Amefikisha miaka 342, lakini kwa miaka 300 amekuwa na umri wa miaka 42. Kila kitu kimempoa. Kuimba na kunyamaza kwake ni mamoja, na mwishowe anakataa kuinywa tena.

Williams anatofautisha aina mbili za matakwa. Yapo yanayosubiri uwe hai kwanza: maadamu nipo, nisiumwe jino, nisilale njaa. Hayo hayakupi sababu ya kuishi. Yapo mengine yanayokuvuta mbele, kama la mtu anayesema sitaki kufa kabla binti yangu hajamaliza shule, kabla sijaezeka nyumba niliyoianza msingi. Hayo ndiyo yanayotufanya tuamke. Kwa muda usio na mwisho, anasema, yote ya aina hii ya pili yatakwisha, kwa sababu kila mtu ana tabia yake na tabia moja haina matakwa yasiyokwisha. Na ukijibadilisha tabia kila mara ili upate matakwa mapya, basi aliyeendelea kuishi ni nani? Wewe wa mwanzo umekwisha kuondoka kimyakimya.

Hii sehemu ya kuchoka hainishawishi. Mmarekani John Martin Fischer alijibu kwamba ziko raha zinazorudiwa bila kuchosha: chakula kizuri, muziki, kukaa na umpendaye, sala. Naungana naye. Bibi aliyesali sala tano kwa miaka 60 hasemi amemaliza kusali. Anayepika pilau kila Ijumaa hachoki Ijumaa ikifika.

Kwangu hatari iko kwingine, na aliyenifumbua macho ni John Mbiti, padri wa Kianglikana na mwanafikra wa Kenya, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019. Alipoeleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Mtu akifa haingii Zamani moja kwa moja. Maadamu wapo waliomjua kwa sura na wanaomtaja kwa jina, bado yumo katika Sasa. Mbiti aliwaita marehemu hao wafu walio hai. Anazama Zamani pale anapokufa wa mwisho aliyemjua, baada ya vizazi vinne au vitano hivi.

Sasa mweke yule asiyekufa ndani ya picha hiyo. Kila aliyemjua utotoni anaondoka. Yeye anabeba majina yao, anawataja, anawaweka hai kwa kumbukumbu yake kwa miaka elfu na zaidi. Lakini yeye mwenyewe ni nani anayemkumbuka? Anaokutana nao wamemkuta hivyo alivyo. Hakuna aliyemwona akijifunza kutembea, hakuna anayejua alikuwa mtundu au mpole. Mwili wake uko katika Sasa, na utoto wake wote umezama Zamani yeye angali anapumua. Nalifikiria hilo na linanitisha kuliko kaburi.

Basi nichague Ahera? Ndiyo, ila neno “ushahidi” nalo lina uzito wake, na watu hulipita mbio. Mwaka 1788 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba lau Mungu na umilele vingesimama waziwazi mbele ya macho yetu, matendo mengi mema yangetendwa kwa hofu, machache kwa matumaini, na hata moja lisingetendwa kwa kuwa ni wajibu. Tungekuwa wanasesere wanaochezeshwa kwa nyuzi. Dini zetu nazo zinamsifu anayeamini ya ghaibu, asiyeona na bado akasadiki. Nadhani Kant alizidisha kidogo. Mama anayeamka saa tisa usiku kumpa maji mtoto mwenye homa hapigi hesabu ya thawabu, na sioni kwa nini ushahidi ungembadilisha. Ila sadaka tunazotoa mbele za watu zingebadilika sana. Ningeweza kuomba chochote, ningeomba ushahidi huo nipewe nikiwa kitandani kwa mara ya mwisho, si kabla.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi aliyekuwa kimya muhula mzima alinyoosha mkono akaniuliza: “Mwalimu, imethibitishwa kwamba Ahera ipo. Je, imethibitishwa kwamba nitawakuta watu wangu?” Darasa zima lilinigeukia. Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Tangu siku ile nauliza swali lile kwa maneno yale yale, lakini najua kwamba ninachokitafuta hakimo ndani ya ushahidi wenyewe.

Hata hivyo nachagua Ahera. Marehemu mama alikuwa na jina la kunidekeza ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Sitaliandika hapa. Upande huu wa dunia, hata nikipewa miaka milioni, najua kwa hakika kwamba sitalisikia tena. Upande wa pili sijui.