Mahindi yaliyoota ukungu hayaponi jikoni: maswali ninayoulizwa kila baada ya mavuno

Mimi ni tabibu katika zahanati ya kijiji wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Kuanzia Juni magunia yanapoanza kuingia majumbani, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa kwa sababu nimechoka kuyajibu wakati mgonjwa ameshavimba tumbo.

Sumukuvu ni nini?

Ni sumu inayotengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa na unyevu. Inayotusumbua zaidi inaitwa aflatoksini, na kiungo inachokishambulia ni ini. Ukila nyingi kwa muda mfupi, ini linafeli na unaweza kufa ndani ya siku au wiki chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini zaidi.

Mwaka 2016, hapa hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliougua walikuwa 317, wakafa 125. Wachunguzi wa Kenya walipowalinganisha wagonjwa na majirani zao waliobaki wazima, walikuta kwamba wagonjwa ndio zaidi waliokuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu, tena ndani ya nyumba wanazolala. Kwa hiyo usifikiri hii ni habari ya viwanda au meli bandarini. Ni habari ya stoo yako.

Nikipika sana, sumu haifi?

Haifi.

Najua bibi yako alikuambia moto unaua kila kitu. Moto unaua fangasi mwenyewe, lakini sumu aliyoiacha siyo kiumbe, haina uhai wa kutolewa. Maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Aflatoksini inahitaji zaidi ya nyuzijoto 200 ndipo ianze kuvunjika vya kutosha, na hakuna ugali unaofika huko. Songa mpaka mkono uchoke, chemsha makande kutwa nzima, sumu iko pale pale, na harufu ya ukungu ikipotea ndiyo unadanganyika zaidi.

Hata nikikaanga? Hata nikichoma?

Kukaanga karanga kunaweza kupunguza kiasi fulani. Hakumalizi. Jibu langu ni lile lile: kupika hakuondoi sumukuvu.

Nikichambua yaliyooza, nikaosha na kuanika upya?

Kuchambua ni tabia nzuri, na naomba uendelee nayo kwa mahindi mazima. Toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizobunguliwa. Inapunguza sumu kweli. Ila kuchambua gunia ambalo limeshaota ukungu wa kijani katikati ni jambo jingine kabisa. Sumu haina rangi, haina harufu, haina ladha. Punje jirani inaonekana safi na imebeba sumu.

Mwaka juzi mama mmoja alinionyesha ungo wake kwa fahari. Upande huu mahindi meupe, upande ule lundo dogo la punje za kijani na nyeusi. Nikachukua punje tano kwenye yale meupe, nikazipasua kwa kisu. Mbili zilikuwa na vumbi la kijivu kwenye kiini, pale mche unapotokea. Alinyamaza, akamwita mwanawe aje atazame.

Kuosha na kuanika upya kunaondoa vumbi na harufu tu. Na ndiyo hatari yake, kwa maana yanarudi kuonekana chakula.

Na nikikoboa nile sembe badala ya dona?

Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa kunaipunguza. Kama mahindi yako ni mazima na una wasiwasi kidogo, kukoboa kunasaidia. Kama yameota ukungu, usinitafutie njia ya mkato. Halafu pumba unampa nani?

Kuku. Au ng'ombe. Au tunapikia pombe.

Hapana, hapana, na hapana.

Sumu hii yenyewe iligundulika kwa sababu ya ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Kuku wako hana ini la chuma. Ng'ombe akila, sumu inatokea kwenye maziwa, na maziwa hayo unampa mtoto. Mama anayenyonyesha akila, inapita pia kwenye maziwa yake (usimwachishe mtoto ziwa kwa sababu hiyo, acha hayo mahindi).

Pombe ndiyo inayonikasirisha zaidi, maana mahindi mabovu hupelekwa huko makusudi, eti yatachacha tu. Kuchachusha hakuondoi sumu ya kutosha, na anayekunywa anaongeza pombe juu ya ini lililoshambuliwa tayari. Kumuuzia mwenzako kilabuni kitu ambacho hukutaka kumpa mwanao siyo biashara.

Nitajuaje kwamba yamekauka vya kutosha?

Watu wengi wanang'ata punje kwa meno au wanazitikisa mkononi wasikilize zinavyolia. Meno yako hayapimi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ipo njia ya bei ya chumvi.

Chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, iwe kavu kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, yakiwa yamepoa, siyo yaliyotoka juani sasa hivi. Ongeza vijiko vitatu au vinne vya chumvi kavu. Funga kizibo, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Sasa tazama ukuta wa chupa. Chumvi ikiwa imeganda ukutani, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yamekaribia, nayo yatastahili siku moja zaidi ya jua, hasa kama kulikuwa na mawingu. Chota kutoka magunia mbalimbali, juu, katikati na chini. Gunia moja likipita haina maana yote yamepita.

Anika juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Fangasi wenyewe wanaishi kwenye udongo, unapoanika chini unawakaribisha. Usiku yafunike au yaingize ndani, umande unarudisha unyevu wote uliotoa mchana.

Sina ghala. Magunia yanalala chumbani na sisi.

Ninaelewa sababu. Mahindi yakiwa nje yanaibiwa, na kihenge cha zamani watu wengi wamekiacha. Basi kama ni lazima yawe ndani, yawe kwenye chumba ambacho hakuna anayelala. Yapange juu ya chaga za mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, uache nafasi ya mtu kupita nyuma yake akiwa na tochi. Andika tarehe ya kuvuna kwenye kila gunia kwa kalamu ya wino mzito, na ya zamani yawe mbele ili yatumike kwanza. Nimeingia nyumba ambayo gunia la nyuma kabisa lilikuwa la misimu mitatu iliyopita. Limelowa kutoka ukutani, chini limeshikana kama tofali, na mwenye nyumba hajui kwa sababu kila mwaka anapanga mapya mbele yake.

Kagua kila wiki mbili. Ingiza mkono mpaka ndani ya gunia. Ukisikia joto, kuna kitu kinaota au kuna wadudu wengi.

Nikitumia vile vidonge vya kufukizia wadudu?

Hapa nisimame kidogo. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Inaua dumuzi, na inaua binadamu vile vile, wala hakuna dawa ya kuipinga. Vidonge hivi havikuwekwa duniani kwa ajili ya nyumba ya kulala. Mtu akianza kutapika, kubanwa kifua na kukosa pumzi katika nyumba iliyowekwa vidonge, mtoeni nje, tokeni wote mliomo, na mkimbie hospitali, msisubiri asubuhi.

Kuna mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka tatu, mbili za plastiki ndani na kiroba nje. Inauzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo. Unajaza mahindi yaliyokauka, unakamua hewa, unafunga tabaka moja moja kwa kusokota na kukunja. Wadudu wanamaliza hewa iliyobaki wanakufa, bila kemikali yoyote. Kagua isiwe na tundu, ichunge na panya. Na nisikilize vizuri: mfuko huu haukaushi. Ukiweka mahindi mabichi unafungia unyevu ndani, na utakachofungua ni uozo.

Uji wa lishe wa mtoto ninasaga kilo 20 mara moja. Kuna ubaya?

Upo. Unachanganya mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga kwenye ndoo moja, unakaa nao miezi, na karanga ndiyo inayoongoza pamoja na mahindi kwa sumukuvu. Mtoto ana uzito wa kilo nane, anakunywa uji huo mara tatu kwa siku. Sumukuvu inahusishwa na udumavu, na hapa kliniki naletewa watoto wanaokula vizuri kwa maneno ya mama lakini kadi haipandi. Huwa naomba nione unga.

Saga unga wa wiki mbili. Karanga usizisage humo, chagua nzima zisizosinyaa, zitwange au zisage kidogo, uongeze siku ya kupika. Na aina nyingi za nafaka hazimfanyi mtoto anenepe, aina mbili safi zinatosha.

Binti yangu yuko Dar es Salaam, anajaza friza nyama na samaki wa mwezi mzima. Huko hakuna shida?

Shida yake ni umeme. Baridi ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri inalaza vijidudu, haiviui. Umeme ukikatika asifungue friza. Iliyojaa ikibaki imefungwa inatunza baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Nyama iliyoyeyuka na kukaa kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili asiirudishe kugandisha. Afunge vipande vya mlo mmoja mmoja, aandike tarehe. Mahindi na karanga zikiingia friza na ukungu wake, zitatoka na sumu yake.

Dalili za kula sumukuvu ni zipi?

Maumivu ya tumbo, kutapika, kukosa hamu ya kula, uchovu mkubwa. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Mara nyingi anaugua zaidi ya mmoja ndani ya nyumba, na mbwa au kuku nao wanakufa. Watu wanasema mji umerogwa. Wote hao wamekula gunia moja.

Macho yakiwa ya njano, si nyongo? Tunajua mti wake.

Najua mnaujua. Kila mgonjwa wa ini anayefika kwangu kachelewa ameshakunywa huo mti. Anakuja siku ya tisa au ya kumi, amebebwa, na ndugu wanaeleza kwa upole kwamba walikuwa wanamalizia dozi ya mzee. Macho ya njano ni ini linalolia, na dawa chungu za mitishamba zinampa ini hilo kazi nyingine ya kusafisha. Wakati huo huo mgonjwa anakunywa uji wa unga ule ule.

Macho ya njano ni hospitali, leo. Siyo baada ya mti. Siyo baada ya mnada wa Jumamosi. Sumu hii haina dawa ya kuitoa mwilini, tunachoweza ni kulisaidia ini wakati bado lina nguvu ya kujirudi, na nguvu hiyo inaisha kwa siku unazosubiri.

Mkwe anasema tusubiri siku tatu tuone.

Mpe heshima yake, kisha mtafute bodaboda. Mtu akichanganyikiwa, akitokwa damu puani au kwenye fizi, au akilala asiamke sawasawa, hata jioni usingoje.

Unga uliobaki usiupike tena, hata kidogo, hata umechemka saa nzima. Usiutupe pia. Chukua kilo moja ya unga na kilo moja ya mahindi ya gunia lile, funga kwenye mifuko ya karatasi, andika umevuna lini na umeweka wapi, uje nao pamoja na mgonjwa, ili tumpe afisa afya apeleke kupimwa kabla majirani mliogawana hawajaumaliza.