Visa vya Mababu Vina Mwisho, Havina Mtu

Skripti za filamu zinazonifikia hapa Kisumu ni za aina mbili. Kuna zilizotolewa mahali: mighani ya Wajaluo au Wabukusu, kitabu alichosoma mwandishi akiwa shuleni, kisa cha kweli kilichotokea kijijini kwao. Na kuna zile ambazo mwenyewe anaapa amezitoa kichwani. Kazi yangu ni kuzisoma kabla pesa haijaanza kutumika na kuonyesha panapovuja. Siku hizi tundu nalijua hata kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Ile iliyotolewa mahali huvuja kwa mhusika. Ile ya kichwani huvuja kwenye mwisho.

Ndiyo maana vijana wakiniuliza kipi rahisi, kutunga au kuchukua kisa kilichopo, huwaambia wachague tu wapi wangependa kuumia.

Tumchukue Luanda Magere wa Wajaluo, kwa kuwa ndiye anayeletwa kuliko wote. Kila aliyepita darasa la fasihi simulizi nchini humu anamjua, yeye na Fumo Liyongo wa pwani: jagina asiyeingiwa na silaha, mwenye siri moja, anayesalitiwa na mtu wa nyumbani mwake. Mwili wa Luanda ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga na kudondoka. Wakaona wampe binti yao amwoe. Siku moja Luanda akaugua, akamwambia huyo mke asimchanje chale mwilini, akichanje kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Usiku mke akatoroka na siri akarudi kwao, na vita vilipozuka tena mkuki ukachomwa kivulini. Luanda akaanguka akawa jiwe, na jiwe lenyewe huonyeshwa wageni mpaka leo huko Kano.

Kwa mdomo, kisa hiki hakina kasoro. Nyanya akikisimulia, hakuna mjukuu atakayeuliza: kwani kwa nini alimwambia? Kwenye filamu hilo ndilo swali la kwanza, na mtazamaji aliyelipa kiingilio hawezi kuambiwa “alikuwa mgonjwa” akatosheka. Mtu ameficha siri moja maisha yake yote, hata ndugu zake wa damu hawaijui, halafu anamwambia mke mgeni kutoka kwa maadui? Mighani haijibu kwa sababu haikuhitaji kujibu. Imekupa vita, ndoa, usaliti na kifo, vyote bure. Haikukupa mtu.

Waandishi wengi hapa hukimbilia mapenzi: alimpenda sana, basi akamwambia. Mimi sikubali. Mtu aliyependa sana angemlinda huyo mwanamke asiijue siri ambayo ndugu zake watamlazimisha aitoe. Skripti bora niliyosoma juu ya Luanda ilimfanya mtu aliyechoka. Hakuna aliyewahi kumgusa akahisi. Mwili wa jiwe haujui baridi wala haujui mkono wa mtoto. Mahali pekee penye nyama ni kile kivuli, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alitaka mtu amguse pale panapouma. Hapo nikaamini. Neno lolote la mighani halikubadilishwa, ila sasa kuna mtu ndani.

Angalia pia jinsi onyesho lile la chale lilivyoandikwa. Ndani ya nyumba ya udongo, usiku, mwanga ni wa moto wa kuni tu. Kivuli kiko ukutani na kinacheza kwa kuwa moto unacheza. Mke ana wembe wa chuma mkononi, na kila akinyoosha mkono kivuli kimehama. Mara ya kwanza anakwaruza udongo. Mara ya pili Luanda anamwambia, “Ngoja moto utulie.” Wanangoja. Hawasemi neno. Kisha kuni moja inazama majivuni, mwanga unatulia, na mkono unaingia. Hiyo ni nusu ukurasa. Katika simulizi ni sentensi moja.

Halafu kuna jambo ambalo msimuliaji halazimiki kulifikiria ila mpiga picha atalia nalo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Machi au Septemba, ikikaribia saa saba mchana, jua liko utosini na kivuli cha mtu kimejikunja chini ya nyayo zake. Huwezi kumchoma mkuki kivulini saa hizo. Kwa hiyo vita vya mwisho haviwezi kupigwa picha mchana, na mwandishi mwerevu hageuzi hilo kuwa tatizo la ratiba, anaifanya ndiyo filamu yenyewe. Luanda anapigana vizuri mchana kutwa. Wanandi wanarudi nyuma, wanarudi nyuma, wanamchokoza aendelee kuwafuata. Yule mwanamke amewaambia jambo moja tu: subirini jioni. Saa kumi na moja kivuli chake kina urefu mara mbili tatu ya mwili, kimelala nyasini nyuma yake, na jagina bado anatazama mbele.

Hili halimo katika masimulizi niliyoyasikia mimi, na wala halikubuniwa hewani. Limetoka ndani ya kisa chenyewe, kwa mtu aliyekaa nacho mpaka akauliza jua lilikuwa wapi. Mimi huko ndiko ninakoita kuandika, na sioni tofauti yake na kutunga.

Swali lililobaki ni la macho ya nani, na huku kwetu si swali la ufundi peke yake. Kwa Wajaluo yule mke ni msaliti. Kwao alikotoka, ni binti aliyewaokoa watu wake. Mpaka wa Kisumu na Nandi, pande za Muhoroni na Songhor, bado una maneno yake, na filamu itakayowafanya Wanandi waonekane kundi la mashetani wenye mikuki itaonyeshwa Kisumu tu na kuishia hapo. Mimi ningemfuata yeye, mwanamke, kuanzia siku anapoambiwa ataolewa. Ana baba upande mmoja na mume upande wa pili. Hapo hata hujui umshangilie nani.

Kuhusu gharama nitapita haraka. Visa vya mababu ni ghali. Nyamgondho wa Gwassi anamtusi yule mwanamke aliyemvua ziwani, naye anarudi majini na kundi zima la ng'ombe likimfuata. Simbi Nyaima, kule karibu na Kendu Bay, ni kijiji kizima kinachozama usiku wa sherehe kwa kumnyima ajuza hifadhi. Nani atalipia? Hamisha kisa kije leo: ajuza anabisha kwenye geti la harusi ya kifahari, mvua inaanza, mlinzi anamfukuza. Kijiji si lazima kizame chote, chumba kimoja kikijaa maji kinatosha.

Riwaya ni shughuli nyingine. Katika hesabu ya kazi yetu ukurasa mmoja wa skripti ni takribani dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ni kurasa tisini hivi, nyingi zikiwa nafasi nyeupe. Riwaya ya kurasa mia tatu haiingii humo. Utakata, na kila utakachokata kuna msomaji aliyekipenda. Hadithi fupi ndiyo saizi ya filamu, kwa maoni yangu, maana unaongeza badala ya kukata. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ya mwaka 2018, ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Hadithi ile ni kama barua: msichana Anyango anamwandikia Sanyu, na mambo yamefanyika Kampala. Filamu ikaja Nairobi, majina yakawa Kena na Ziki, barua ikatoweka kabisa. Sauti ya mtu anayekumbuka ni tamu kwenye karatasi, ila kamera haijui kukumbuka, inajua kinachotokea sasa.

Wakati mwingine kitabu kinakupa mahali tu. Filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 ilipata Oscar saba, moja ikiwa ya skripti iliyotokana na kazi nyingine, ilhali kumbukumbu za Karen Blixen, kitabu ilichotokana nacho, zenyewe karibu hazisemi kitu juu ya yale mapenzi yanayoibeba filamu. Ilibidi wachote pia kwenye vitabu vya wasifu vilivyoandikwa na watu wengine.

Sasa ruhusa, ambayo watu wangu hupenda kuiacha mpaka mwisho. Mighani haina mwandishi, lakini toleo la mtu lina mwenyewe. Grace Ogot aliandika kisa cha Oganda, binti wa mtawala, anayepelekwa ziwani awe kafara ili mvua inyeshe. Kafara ya msichana ni jambo la masimulizi ya zamani. Oganda yule, kwa maneno yale na mpangilio ule, ni wa Ogot. Yeye alifariki Machi 2015, na sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, yaani mpaka mwisho wa 2065. Ukitaka kuitumia nenda kwa wenye haki, na makubaliano yawe ya maandishi. “Tuliongea na familia” si mkataba. Kama huna pesa za kununua haki moja kwa moja, omba uwekewe haki hiyo, asiuziwe mtu mwingine, kwa mwaka mmoja au miwili kwa ada ndogo huku ukitafuta mfadhili.

Na usidhani masimulizi ya jamii ni shamba lisilo na ua. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoipa jamii haki juu ya mambo yake. Hata kama mwanasheria wako atapata upenyo, nenda Kano ukakae na wazee kwanza. Watakupa pia matoleo manne ya kisa ambayo hukuyajua, na moja litakuwa bora kuliko lako.

Wanaotunga wanadhani wameyakwepa haya yote. Dada mmoja aliniletea skripti ya mama anayeuza omena ufuoni Dunga. Kufikia ukurasa wa tano nilikuwa namjua mama huyo: anavyopima kwa gorogoro huku kidole gumba kikiwa ndani, anavyokataa mvuvi anayetaka kumpa samaki kwa sharti la kulala naye, ule mtindo wa jaboya ambao ziwa zima linaujua na kanisani hausemwi. Mhusika alikuwa hai kuliko Luanda Magere wote niliowasoma. Kisha tukafika ukurasa wa sabini. Mashua ikaungua, mtoto akazama, pasta akatokea na hundi.

Unapotunga, hakuna nyanya aliyekwambia kisa kinaishaje, na uoga wa ukurasa mtupu humtupa mwandishi kwenye misiba na miujiza. Nilimuuliza yule dada: mama huyu anataka nini? Mashua yake mwenyewe. Basi mpe, nikamwambia, na umpe mapema, ukurasa wa hamsini. Nani atavua? Huku wanaoingia ziwani usiku ni wanaume, kwa hiyo ataajiri wavuvi. Samaki wakifika ufuoni asubuhi, nani anasimama pale na karai akisubiri kutajiwa bei? Wenzake wa jana. Na mmoja wao hana pesa.

Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama mama huyo sasa ni mtu mbaya. Nikamwambia hilo aliandike, asinieleze. Kurasa ishirini za mwisho zimerudi upya, na pasta hayumo tena. Nilimtuma pia kwa yule muuzaji wa kweli ambaye, kama nilivyoshuku, ndiye aliyemwazima kidole gumba na mengine mengi, apate idhini yake iliyotiwa sahihi. Ameipata. Sasa anatafuta mashua ya kukodi kwa wiki ya shuti, na wenye mashua wakisikia neno filamu wanamtajia bei za Hollywood.